Risasi Isiyolia: Sumu Inayowangoja Wanaosafisha Bunduki Kajiado, na Kwa Nini Fundi wa Kitengela Ako Kwa Hiyo List

Kuna kitu moja kuhusu Kiswahili wengi wetu hatujawahi kukaa chini tukafikiria. Ile kitu inatoka kwa mtutu wa bunduki tunaita risasi. Yale madini mazito ya kijivu yaliyo ndani ya betri ya gari pia tunaita risasi. Hiyo si bahati mbaya. Risasi za bunduki zimetengenezwa na hayo madini kwa karne nyingi, na mpaka leo nyingi bado ziko na hayo hayo ndani.

Jina ni moja lakini zinaumiza kwa njia mbili. Ya kwanza inalia, watu wanalala chini, na stori inafika kwa simu yako kabla vumbi itulie. Ya pili hailii. Inaingia kwa mtu polepole kupitia vidole, pua na mdomo. Na yule inampata sana ni msee hatumwoni kwa picha za habari: yule anabaki nyuma na kitambaa, brashi na kopo la dawa, akisafisha bunduki ili kesho ifanye kazi.

Hii stori ni yake. Lakini kama wewe ni fundi wa pikipiki pale Kitengela, spreya wa magari ama welda kando ya barabara ya Namanga, usiende mbali. Kopo lake na kopo lako ni za ukoo moja.

Kajiado na bunduki zake

Bunduki ziko ngapi Kajiado? Hiyo hesabu hakuna mtu atakupatia. Lakini macho unayo. Makarao wa Kitengela, Isinya, Ngong, Rongai na Kajiado mjini wanazibeba kila siku. Namanga ni mpaka. Kule Magadi kuna shule ya mafunzo ya GSU, na mafunzo ya GSU si ya kuchora ubaoni. Amboseli kuna askari wa KWS wanaolinda ndovu. Ongeza raia wenye leseni, wale wazito wanaotembea na mguu wa kuku kwa kiuno na wanaiosha wenyewe kejani siku ya Jumapili.

Kila moja ya hizo silaha lazima isafishwe. Ikipigwa, inajaa masizi na mabaki ya baruti. Isipopigwa, inakula vumbi, na vumbi ya Kajiado unaijua. Bunduki chafu inaweza kukwama siku unaihitaji, kwa hivyo hakuna mkubwa atakubali isisafishwe. Swali ni nani anaisafisha, kwa chumba gani, na kwa kutumia nini.

Fikiria hicho chumba. Ghala la silaha hujengwa kama sefu: ukuta mzito, mlango wa chuma, madirisha madogo ama hakuna kabisa. Kwa usalama wa silaha, hapo ni fiti. Kwa mapafu ya mtu anayekaa ndani na kopo la dawa likiwa wazi, hapo ni ngori. Kitu inazuia mwizi kuingia ndiyo hiyo hiyo inazuia hewa kutoka.

Ni nini iko kwa hiyo bunduki?

Wacha tuangalie pole pole, kwa sababu hatari ziko tatu na si sawa.

Ya kwanza ni madini ya risasi yenyewe. Nyuma ya kila risasi kuna fataki, kile kifuniko kidogo kinachopigwa na pini ndipo baruti iwake. Fataki za kawaida ziko na mchanganyiko wa madini ya risasi, bariamu na antimoni. Ikilipuka, joto linageuza sehemu ya hayo madini kuwa mvuke na chembe ndogo sana. Nyingine zinatoka hewani, nyingine zinashika ndani ya mtutu, kwa mitambo, kwa mikono na kwa nguo za mpigaji. Sasa anakuja msafishaji na brashi. Akisugua kavu, anaamsha ile vumbi tena. Akimaliza anapangusa mikono kwa suruali, anashika chapati.

Hapo ndipo inaingia. Ikishafika mwilini, kwa damu inakaa kama mwezi hivi kabla nusu yake itoke. Lakini ikishaingia kwa mifupa inaweza kukaa miaka mingi, ikirudi kwa damu kidogo kidogo. Inapandisha presha, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, inavuruga uzazi wa mwanamume na mwanamke, na mimba inaweza kutoka. Kuhusu kansa, shirika la IARC, tawi la WHO linalochunguza kansa, liliweka aina ya risasi inayopatikana makazini kwa kundi la 2A mwaka wa 2006. Maana yake ni kwamba huenda inasababisha kansa, lakini ushahidi kwa binadamu bado haujakamilika.

Ya pili ni dawa ya kuosha. Kuna dawa maalum za kusafisha bunduki, na ubora wake unatofautiana. Lakini pale dawa imeisha ama bajeti imekataa, binadamu anashika kitu iko karibu: petroli, thina, mafuta taa, dizeli. Fundi yeyote wa Kitengela anaijua hiyo sinema. Kabureta inaoshwa na petroli kwa kopo la rangi lililokatwa. Mikono inaoshwa na petroli. Petroli inavutwa kwa mpira na mdomo ikitolewa kwa tenki. Shida ni kwamba petroli iko na benzeni ndani, na benzeni inajulikana tangu zamani kama kitu kinachoharibu uboho, pale mwili unatengenezea damu. Mwisho wa hiyo barabara unaweza kuwa kansa ya damu.

Ya tatu ni mafuta. Chuma lazima kipakwe mafuta ndiyo kisipate kutu. Mafuta mapya yaliyosafishwa vizuri si stori kubwa. Shida ni oili chafu iliyotoka kwa injini, ile nyeusi, ambayo mtaani ina kazi mia: kupaka mbao, kupaka mnyororo, kupaka chuma chochote. Ikipikwa ndani ya injini, hiyo oili inajaa kemikali za masizi, na masizi na kansa wanajuana kitambo. Mwaka wa 1775, daktari wa Uingereza kwa jina Percivall Pott aliandika kwamba vijana waliokuwa wakipanda ndani ya mabomba ya moshi kuyasafisha walikuwa wanapata kansa ya ngozi ya mfuko wa korodani wakiwa watu wazima. Hiyo ndiyo kansa ya kwanza kuunganishwa na kazi ya mtu. Zaidi ya miaka 240 imepita, na bado kuna vijana wetu wanatembea siku nzima na kitambaa cha oili chafu kwa mfuko wa suruali. Mfuko wa mbele.

Kundi la 1 ni nini, na smokie inafanya nini huko?

Hapa lazima tuwe wakweli, kwa sababu mtandaoni kila kitu siku hizi inaleta kansa na watu wamechoka kutishwa.

IARC inapanga vitu kwa makundi. Kundi la 1 ni vitu ambavyo ushahidi wa kusababisha kansa kwa binadamu umetosha. Benzeni iko hapo tangu miaka ya 1980. Trikloroethilini, dawa ya kutoa grisi kwa chuma ambayo majeshi na viwanda duniani vilitumia kwa miaka mingi, iliingia 2012 kwa sababu ya kansa ya figo. Moshi wa kuchomelea uliingia 2017. Kazi ya kupaka rangi nayo iko hapo. Na mwaka wa 2025, petroli yenyewe ya gari iliwekwa kundi la 1, kwa sababu ya kansa ya kibofu na aina moja ya kansa ya damu.

Lakini nyama ya kiwandani pia iko kundi la 1 tangu 2015. Ndiyo, ile smokie pasua ya stage iko kikundi kimoja na petroli. Hiyo haimaanishi ziko na nguvu sawa. Kundi linakuambia ushahidi ni thabiti kiasi gani, halikuambii hatari ni kubwa kiasi gani. Ukubwa wa hatari unategemea kitu chenyewe, ni kiasi gani kimekuingia, kwa muda gani, na kwa njia gani. Aliyeosha bunduki moja mwaka jana nje kwa uwanja hana stori sawa na aliyekaa ndani ya ghala miaka 15.

Kwa hivyo hatusemi kila karao wa armari ataugua. Tunasema kuna watu wanabeba hatari ambayo hawajaambiwa, na ambayo inaweza kupunguzwa na vitu vya bei ya soo mbili tatu.

"Lakini fundi wangu ako na miaka 70 na ako fiti"

Hii ndiyo jibu utapata kwa kila gereji. Mzee ameosha spea na petroli tangu enzi za Moi, na bado anabeba gia boksi peke yake. Sawa. Lakini fikiria kitu moja: huyo mzee unamwona kwa sababu yuko. Wale walianza naye na hawapo, hakuna mtu aliandika walienda na nini. Mtaani ilisemwa tu aliugua, akapelekwa ushago, tukachanga.

Kansa ya kazini iko na tabia mbaya. Haiji siku ile uliumia. Inaweza kuchukua miaka 10, 20 ama zaidi. Mkono ukikatwa na mashine, kila mtu ameona damu. Lakini benzeni ya 2010 ikileta ugonjwa 2030, nani atakumbuka kopo? Huyo karao atakuwa amehamishwa vituo vitano. Soja wa kampuni ya ulinzi atakuwa amebadilisha kampuni tatu, na moja imefungwa. Fundi wa Kitengela hana hata barua ya kazi.

Halafu kuna ile imani ya maziwa. Waulize maspreya na mawelda, watakuambia: kunywa pakiti ya maziwa jioni, inaosha kifua. Wasee, maziwa ni mazuri, endeleeni kuyanywa. Lakini maziwa yanaenda tumboni, na mvuke wa thina umeenda kwa mapafu na kuingia kwa damu. Hazipatani njiani. Mkubwa anayekupea pakiti ya maziwa badala ya maski amekupea kinywaji tu.

Wenye majeshi makubwa walijifunza kwa uchungu

Usidhani haya ni mambo ya nchi maskini. Marekani wako na pesa zote za jeshi, na bado waliangushwa na vitu hivi hivi.

Mwaka wa 2012, jopo la wanasayansi wa Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani liliangalia wafanyakazi wa viwanja vya kulenga shabaha vya jeshi. Kipimo kilichokuwa kikitumika kuwalinda kilitoka miaka ya 1970, na kilikubali madini ya risasi kwa damu hadi maikrogramu 40 kwa kila desilita. Jopo likasema hicho kiwango hakiwalindi, kwa sababu madhara yanaanza chini ya hapo. Yaani watu walikuwa wanaambiwa wako sawa kwa karatasi, na mwili unasema mengine.

Ile nyingine ni Camp Lejeune, kambi ya wanamaji huko North Carolina. Kuanzia 1953 hadi 1987 maji ya kunywa ya hiyo kambi yalikuwa na trikloroethilini, benzeni na dawa ya dobi. Zilitoka kwa matenki yaliyovuja, kwa kazi za kuosha vyuma na mitambo ndani ya kambi, na kwa dobi mmoja aliyekuwa nje ya geti. Inakadiriwa watu hadi milioni moja waliishi ama kufanya kazi hapo. Si wanajeshi peke yao: bibi zao, watoto wao, hata waliokuwa tumboni. Serikali ilikuja kukubali orodha ya magonjwa yanayohusishwa na hayo maji, zikiwemo kansa za damu, figo, ini na kibofu. Sheria ya kuwaruhusu kushtaki ilitiwa saini Agosti 2022. Hesabu mwenyewe: kutoka kisima cha mwisho kufungwa hadi mlango wa korti kufunguliwa ni miaka 35 hivi. Wengi hawakungoja, walikuwa wameshazikwa.

Na hapa nyumbani? Uliza Owino Uhuru

Kesi kubwa ya sumu ya risasi Kenya haikutoka kwa bunduki. Ilitoka kwa betri. Owino Uhuru ni mtaa wa Mombasa, watu kama 3,000. Mwaka wa 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi ukutani kwa huo mtaa. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa hapo 2009. Mtoto wake akaugua, madaktari wakahangaika, mpaka alipopimwa damu ndipo ikaonekana ni madini ya risasi. Ilikuwa imemfikia kupitia maziwa ya mama.

Weka hiyo kwa akili: mama ndiye alikuwa kazini. Mtoto hakuwahi kuingia kwa kiwanda.

Omido aliacha kazi akaanza kupiga kelele. Alikamatwa, akatishwa. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka wa 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3. 2023 Mahakama ya Rufaa ikaipangua. Tarehe 6 Desemba 2024, Mahakama ya Juu ikairudisha.

Kesi ilishinda kwa nini? Hasira ilikuwepo, lakini hasira peke yake haishindi korti. Kilichobeba ni vipimo: damu za watu zilizopimwa, udongo uliopimwa, karatasi zenye tarehe. Bila hizo, Owino Uhuru ingekuwa mtaa mwingine tu wa watu wanaolia kwamba watoto wao wanaugua na hawajui kwa nini.

Na hapo ndipo fundi wa silaha wa Kajiado na fundi wa Kitengela wako uchi. Hawana karatasi.

Sheria iko, na si mbaya

Watu wengi wanadhani Kenya haina sheria ya haya mambo. Iko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, ya kudumu ama ya kibarua. Inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga kwa mtu anayeshika vitu vya kudhuru, na hakuna ruhusa ya kukukata mshahara kwa sababu yavyo. Inataka kemikali iwe na lebo na maelezo yake. Mahali pa kazi penye watu 20 na zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya. Na ukiona hatari kubwa iko mbele yako, uko na haki ya kuripoti, na mwajiri hafai kukurudisha hapo kabla hajairekebisha. Kuna pia kanuni za 2005 za kupima afya ya wafanyakazi walio kwenye hatari na kanuni za 2007 za vitu hatari kazini. Wanaosimamia yote ni idara ya DOSHS, chini ya wizara ya kazi.

Halafu kuna sheria ya fidia, ile wasee wanaita WIBA, pia ya 2007. Ilipigwa vita kortini miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ikaiidhinisha Desemba 2019. Inalipa ajali, na inalipa pia magonjwa yanayotokana na kazi. Na inahusu wafanyakazi wa serikali kama vile inahusu wa kampuni. Karao ako ndani. Askari wa KWS ako ndani. Soja wa kampuni ako ndani.

Nani hayuko? Wanajeshi. WIBA inasema wazi haiwahusu, wao wana mpango wao mwingine. Na fundi wa jua kali ambaye hana mwajiri hana wa kumdai. Akiugua, mwajiri ni yeye, mwajiriwa ni yeye, na bima ni kikundi cha WhatsApp cha kuchanga.

Kwa hivyo shida ya Kajiado si karatasi ya sheria. Shida ni kwamba sheria ya fidia inauliza swali moja rahisi ambalo watu hawawezi kujibu: ulipatia hii wapi?

Karatasi ndiyo silaha yako

Hii ndiyo point yetu kubwa leo. Kama unasafisha bunduki, unaosha spea, unapiga spreya ama unachomelea, anza kuandika. Nunua daftari ya mbao ama tumia simu. Andika tarehe ulianza, chumba gani, dawa gani, masaa mangapi kwa wiki, dirisha iko ama haiko. Piga picha ya lebo ya kopo. Kama kopo halina lebo, piga picha hiyo pia, kwa sababu hiyo yenyewe ni ushahidi. Ukihamishwa kituo, beba nakala. Ukiomba glavu, omba kwa ujumbe wa maandishi, si kwa mdomo tu kwenye korido.

Ukienda hospitali, mwambie daktari kazi yako bila kuulizwa. Usiseme tu "mimi ni polisi." Sema "mimi huosha bunduki na petroli kwa chumba kisicho na dirisha, miaka nane sasa." Daktari anayeona presha ya juu, tumbo linalouma, viungo vinavyouma na uchovu anaweza kufikiria mambo ishirini kabla hajafikiria madini ya risasi. Msaidie. Kipimo cha damu cha risasi kipo, lakini hakuna atakayekiandika kama hajui kuna sababu.

Na kipimo cha kwanza kinafaa kufanywa kabla ya kazi kuanza. Hiyo ndiyo inakupa mahali pa kuanzia. Bila hiyo, mwajiri atasema ulikuja ukiwa mgonjwa tayari.

Vitu vya kufanya kesho asubuhi

Habari nzuri ni kwamba vingi vya hivi havihitaji bajeti ya Ruiru. Kule Ruiru serikali ilifungua kiwanda cha bunduki Aprili 2021, kiligharimu karibu shilingi bilioni 4, chenye uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Kama tuko na bilioni 4 za kutengeneza bunduki, hatuwezi kukosa za kununua glavu za anayezisafisha.

Kwanza, toa kazi nje. Meza chini ya kivuli, penye hewa, na mlinzi akiwa karibu kama ni silaha. Pale kazi lazima iwe ndani, hewa itoke kwa feni.

Pili, petroli ni ya tenki. Si ya kuosha chuma, na hasa si ya kuosha mikono. Inaingia kwa mapafu, inaondoa mafuta ya ngozi, na juu ya yote inaweza kulipuka. Dawa maalum isiyo na vimumunyisho vikali ni bora zaidi, na soma lebo kabla ya kulipa.

Tatu, glavu za naitraili, si zile nyembamba za kuchomea nyama. Ya mpira wa kawaida inaachilia petroli na thina ipite haraka.

Nne, usisugue kavu na usipulize na hewa ya kompresa. Pangusa na kitambaa kilicholoa. Sakafu ioshwe, isifagiliwe. Vitambaa vichafu viwekwe kwa pipa la chuma lenye kifuniko, nje.

Tano, nawa na sabuni kabla ya kushika chakula, sigara ama simu. Usile ndani ya hicho chumba. Chai ya saa nne inaweza kunywewa nje.

Sita, nguo za kazi zibaki kazini. Kama lazima uende nazo, zioshwe peke yake, zisichanganywe na za mtoi. Kumbuka mtoto wa Owino Uhuru. Kwa mtoto mdogo, madini ya risasi yanaharibu ubongo, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Kwa wenye mguu wa kuku binafsi: meza ya kula si meza ya kusafisha bastola. Usifanye hiyo kazi watoto wakiwa karibu, na si kwa sababu ya hatari ya kufyatuka peke yake.

Nani aulizwe?

Kenya ilirekodi zaidi ya wagonjwa wapya 42,000 wa kansa na vifo zaidi ya 27,000 kwa makadirio ya mwaka wa 2020. Ni wangapi kati yao waliipata kazini? Hesabu hiyo haiwezi kupatikana kama faili ya hospitali haiandiki mgonjwa alikuwa anafanya kazi gani na kwa miaka mingapi. Hapo ndipo kaunti inaweza kuanza bila kungoja Nairobi: swali moja kwa fomu ya hospitali, "umefanya kazi gani?", na nafasi ya kujibu kwa urefu.

Wakubwa wa polisi na wa KWS nao waulizwe swali la pili. Bunduki ikitoka ghalani, inaandikwa: nambari yake, nani ameichukua, saa ngapi, risasi ngapi. Ikirudi, inaandikwa tena. Kila risasi ina hesabu yake, na ikipotea moja, kuna mtu hatalala. Sawa kabisa. Sasa yule mtu anayezisafisha zote, damu yake imeandikwa wapi?

Na wewe fundi wa Kite, usingoje mkubwa, kwa sababu huna. Kopo ni lako, mapafu ni yako. Leo ukifunga kazi, nawa na sabuni, vua hiyo ovaroli kabla mtoi hajakukimbilia mlangoni, halafu uandike mstari wa kwanza.